Mafundi wa Hewa ya Darasani

Pita karibu na shule kongwe katika miji ya kaskazini mwa Marekani mwezi wa Januari, theluji ikiwa imejaa kando ya barabara, na huenda ukaona jambo la kumshangaza mgeni: madirisha ya madarasa yako wazi. Chini ya jengo boila linaunguruma na kuteketeza gesi au mafuta. Juu, joto lilelile linamwagika nje. Usimlaumu mwalimu. Darasa lake limefika nyuzi joto 28, na asipofungua dirisha watoto watasinzia. Ng'ambo ya ujia mwalimu mwenzake anafundisha akiwa amevaa koti. Boila ni moja, mvuke ni uleule, lakini darasa hili linaungua na lile linaganda.

Wako watu ambao kazi yao ni kulikuta jengo la namna hiyo, lenye umri wa miaka themanini au mia, na kuliacha likiwa na hewa safi, joto la kadiri na ukimya. Sijui kazi nyingi za mikono zinazostahili sifa kuliko hii na zinazopata sifa kidogo hivi. Ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Madirisha yale yana historia yenye heshima. Mwaka 1858, mjini Munich, mwanasayansi Max von Pettenkofer alipima hewa ya vyumba vilivyojaa watu, akapendekeza kwamba hewa ukaa ndani ya chumba isizidi sehemu 1,000 katika milioni. Hakudai kwamba hewa hiyo ni sumu kwa kiasi hicho. Aliitumia kama kipimo cha pumzi za watu zilizorundikana. Fikra hiyo ilivuka bahari, na wajenzi wa shule za Marekani wakakazania hewa safi. C. B. J. Snyder, aliyesimamia ujenzi wa shule za New York kuanzia 1891 kwa takriban miaka thelathini, alichora majengo ya umbo la herufi H ili madarasa yapate mwanga na hewa hata pale kiwanja kilipobanwa na majengo ya jirani. Radieta nazo zilifungwa kubwa kupita kiasi, ziweze kupasha chumba joto hata dirisha likiwa wazi, kwa kuwa madaktari wa zama za kifua kikuu na mafua ya 1918 waliogopa hewa iliyofungiwa kuliko walivyoogopa baridi.

Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973. Madirisha makubwa yakang'olewa na kuwekwa madogo yasiyopitisha upepo, na matundu ya hewa yakazibwa. Kufikia 1981 kiwango cha chini cha hewa ya nje kilichopendekezwa kwa darasa kilikuwa kimeshuka hadi lita 2.5 hivi kwa sekunde kwa kila mtu. Mwaka 1989 kikapandishwa mara tatu, baada ya watu kuanza kuugua ndani ya majengo yaliyofungwa mno. Radieta zikabaki za ukubwa uleule. Kila kizazi kilitengeneza nusu ya jengo na kuiacha nusu nyingine ilivyo, na fundi wa leo anaingia humo akiwa mrithi wa maamuzi ya watu wasiowahi kukutana.

Fundi anayejua kazi hafungui kisanduku cha vifaa siku ya kwanza. Anatembea. Anashuka hadi chumba cha boila, anapanda hadi darini, anagusa mabomba kwa nyuma ya kiganja, anamuuliza mtunza jengo ni walimu gani wanaolalamika na saa ngapi. Akisikia mabomba yakigongagonga alfajiri boila linapoamka, anajua kuna mahali bomba limelegea kwenye vishikizo vyake na kupoteza mteremko. Maji yanayotokana na mvuke uliopoa hukusanyika hapo. Mvuke mpya ukija kwa kasi huyazoa na kuyabamiza kwenye kona. Hapo haihitajiki mashine mpya. Bomba linanyanyuliwa sentimita chache, linashikizwa upya, na kelele iliyosumbua madarasa kwa miaka inakwisha asubuhi hiyohiyo.

Anakagua pia kifaa kidogo kilichoko upande wa kutokea wa kila radieta, ambacho hupitisha maji na kuzuia mvuke. Kazi yake ni ndogo kuitaja, lakini mfumo mzima unaitegemea. Kilo moja ya mvuke ikigeuka kuwa maji huachilia kilojuli 2,257 za joto, zaidi ya mara tano ya joto linalohitajika kuyatoa maji hayohayo kwenye nyuzi sifuri hadi kuchemka. Kizuizi kikiharibika kikabaki wazi, mvuke hupita radieta bila kugeuka, huingia kwenye bomba la kurudi, na kulisukuma nyuma joto la madarasa ya mbele. Shule kubwa huwa na vizuizi hivyo mamia. Fundi huvipima kimoja kimoja, kwa kipimajoto na kwa sikio. Njia ya mkato haipo.

Kisha kuna kidude cha ukutani kinachoamua joto la chumba, na hapa inafaa kukumbuka kwamba kilizaliwa shuleni. Warren S. Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin. Enzi hizo mtunza jengo alilazimika kuingia darasa moja baada ya jingine, kusoma kipimajoto mbele ya wanafunzi, kisha kushuka chini kurekebisha vilango vya hewa ya moto. Johnson alichoshwa na kukatizwa somo. Akabuni themostati ya umeme iliyopiga kengele kule chini kwenye chumba cha moto, akaipatia hataza mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kampuni yake ikaanza kazi Milwaukee. Mwaka 1895 alipata hataza ya mfumo unaotumia hewa iliyoshindiliwa badala ya umeme, na huo ndio ulioenea katika shule kwa miongo mingi.

Niruhusu nikae kidogo juu ya kifaa hicho cha hewa, kwa maana ni kizuri. Ndani yake kuna utepe wa metali mbili zilizounganishwa, moja ikitanuka kuliko nyingine. Chumba kikipata joto utepe unapinda, unaziba au kufungua tundu jembamba la hewa, na shinikizo ndani ya kibomba cha shaba linapanda au kushuka kati ya pauni 3 na 15 kwa inchi ya mraba. Shinikizo hilo linasafiri hadi kwenye vali ya radieta na kuisogeza. Pale darasani hakuna waya wala betri. Vingi vimefanya kazi nusu karne na zaidi. Kinachoviua ni tone la mafuta kutoka kwenye kompresa au unyevu kidogo, vinavyoganda kwenye tundu lile mpaka kifaa kinaanza kusema uongo: kinaonyesha nyuzi 21, chumba kiko 27.

Fundi wa haraka hung'oa vyote. Nimevutiwa zaidi na wale wanaochagua. Wanaweka ukutani kipima joto na hewa ukaa cha kielektroniki, kinachoripoti kwenye kompyuta, lakini vali ya zamani iliyo nzima wanaiacha mahali pake na kuifungia kidude cha kugeuza ishara ya umeme kuwa shinikizo la hewa. Shule inaokoa fedha, ukuta haubomolewi, na kazi njema ya fundi aliyetangulia inaendelea. Kuondoa kilichokufa na kukiacha kilicho hai kunahitaji macho zaidi kuliko kubomoa. Kunahitaji pia tahadhari: mabomba ya shule nyingi za zamani yamefungwa kwa asbestosi, na tangu 1986 sheria ya Marekani inazitaka shule kukagua na kuweka kumbukumbu za mahali ilipo. Hakuna bomba linalokatwa kabla ya karatasi hizo kusomwa.

Siku hizi shule nyingi zinahama kutoka mvuke kwenda pampu za joto, mashine zinazofanya kazi ya kiyoyozi pande mbili: kiangazi hutoa joto nje, majira ya baridi huliingiza ndani. Hapa ufundi unahamia kwenye mabomba ya shaba. Mabomba yakiunganishwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 600, shaba huota magamba meusi upande wa ndani, na magamba hayo baadaye huziba vali au kuharibu kompresa. Basi fundi mwangalifu hupitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba wakati wote anapochomelea, ili hewa isikutane na shaba ya moto. Akimaliza analijaza bomba naitrojeni ya shinikizo kubwa na kuliacha kwa saa nyingi, aone kama mshale wa geji utashuka. Kisha anavuta vakyumu hadi shinikizo la ndani lifikie kama sehemu moja katika 1,500 ya hewa ya kawaida, ili hata unyevu uliojificha uchemke na kutoka. Hatua zote hizi zinaweza kurukwa na mashine bado ikawaka na kupoza siku ya makabidhiano. Tofauti huonekana baada ya miaka mitatu, kompresa inapokufa, na wakati huo hakuna anayekumbuka nani alichomelea. Kwa hiyo ninaposema fundi mwaminifu namaanisha mtu anayepitisha naitrojeni katika bomba ambalo hakuna atakayelipasua kulikagua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua sehemu ya habari hii kwa uchungu wa mfuko. Kiyoyozi kikiacha kupoza tunaambiwa gesi imeisha, inaongezwa, tunalipa, na baada ya miezi michache imeisha tena. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiki, inazunguka tu. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kazi ya fundi ni kupatafuta kwa povu la sabuni au kwa kipimo, kiungo kwa kiungo, kabla ya kuongeza chochote. Gesi hizo zina uzito pia kwa anga. Ile iitwayo R-410A, iliyotumika sana katika viyoyozi vya shule, hunasa joto zaidi ya mara 2,000 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Mapatano ya dunia ya kuzipunguza yalifikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, na Marekani iliyaridhia mwaka 2022. Ndiyo sababu fundi anayefunga pampu mpya katika shule ya Ohio leo anakutana na gesi nyingine, kama R-32, ambayo madhara yake ni chini ya theluthi ya ile ya kwanza lakini inaweza kushika moto kidogo. Amelazimika kujifunza upya: geji zake, mitungi yake, namna ya kupitisha hewa chumbani anapofanya kazi.

Kuhusu unyevu, mtu wa Mombasa au Tanga hahitaji kufundishwa. Kosa la kawaida ni kufunga mashine kubwa kuliko chumba. Inapoza hewa kwa dakika chache, themostati inaridhika, mashine inazima kabla hewa haijakaa kwenye koili ya baridi muda wa kutosha kudondosha maji yake. Chumba kinabaki na ubaridi wa majimaji, na kuvu huota nyuma ya makabati. Katika majimbo ya kusini ya Marekani shule zimeteseka sana kwa hilo, hasa jengo linapokaa tupu kiangazi. Fundi stadi hupiga hesabu ya joto na ya unyevu kando kando, na mara nyingi hupendekeza mashine ndogo kuliko ile mteja aliyotaka kuinunua. Ni vigumu kwa mfanyabiashara kumwambia mteja anunue kidogo. Wanaofanya hivyo nawavulia kofia.

Vivyo hivyo kwa machujio. Wakati wa janga la korona shule nyingi ziliambiwa ziweke chujio la daraja la 13 katika kipimo cha Kimarekani kiitwacho MERV, linalonasa angalau nusu ya chembe za ukubwa wa kati ya mikroni 0.3 na 1. Shauri ni jema. Lakini chini ya madirisha ya shule nyingi kuna masanduku ya bati yaitwayo univenti, yanayovuta hewa kutoka tundu la ukutani, kuichanganya na ya ndani na kuipitisha kwenye koili ya moto. Na feni zake za zamani hazina nguvu ya kusukuma hewa kupitia chujio zito. Ukilisukumiza tu, hewa inakuwa safi zaidi na kidogo zaidi, na darasa linapata hasara. Fundi hulitanua eneo la chujio ili hewa ipite taratibu, au hubadilisha feni, na anafanya hivyo akikumbuka kelele: kiwango kilichowekwa Marekani mwaka 2002 kinataka darasa tupu lisizidi desibeli 35. Sanduku likivuma, mwalimu hulizima, au hurundika vitabu juu ya matundu yake, na hesabu zote za mhandisi zinaishia hapo.

Lakini kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, ni kazi ya mwisho: kugawa hewa. Mashine mpya imekwisha fungwa, njia za bati zimepita juu ya dari, kila darasa lina matundu yake. Hapo anakuja mtu mwenye ngazi, kofia kubwa ya kitambaa inayofunika tundu na kusoma hewa inayotoka, na kijibomba chembamba chenye jina la Henri Pitot, Mfaransa aliyekitumia mwaka 1732 kupima mwendo wa mto Seine. Anatoboa vitundu kwenye njia ya bati na kuchukua vipimo sehemu nyingi za upana wake, kwa kuwa hewa ya katikati huenda kasi na ile inayogusa ukuta hujikokota. Kipimo kimoja kinadanganya. Wastani wa vipimo ishirini unaaminika.

Hewa ina upendeleo. Darasa lililo karibu na feni hupata nyingi, la mwisho wa ujia hupata mabaki. Waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaujua mgogoro huu kutoka mifereji ya maji ya Wachagga, ambako wa juu asipofunga kwa zamu yake shamba la chini hukauka, na wazee wa mfereji ndio wanaosimamia haki. Fundi wa hewa ndiye mzee wa mfereji. Anapima madarasa yote, anatafuta lile linalopata sehemu ndogo zaidi ya haki yake, na kilango chake anakiacha wazi kabisa. Kisha anabana vilango vya mengine, kimoja baada ya kingine, mpaka yote yafanane na lile nyonge kwa uwiano. Kila anapobana kimoja, vingine vyote hubadilika, basi anarudi na kupima tena. Uwiano ukishakaa sawa ndipo anapogusa mwendo wa feni, na madarasa yote hupanda au kushuka pamoja.

Subira hiyo inalipa. Nguvu inayoliwa na feni hufuata mwendo wake kwa kipeo cha tatu: ukipunguza mwendo kwa asilimia 20, umeme unashuka hadi takriban nusu. Mfumo uliogawiwa vizuri hauhitaji feni kukimbizwa ili tu darasa la mwisho lipate pumzi. Matokeo yanayokubalika kwa kawaida ni kila tundu kuwa ndani ya asilimia 10 ya kiwango kilichochorwa. Na kiwango chenyewe, kwa darasa la kawaida la wanafunzi wakubwa, ni kama lita 7 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Wanafunzi wakirudi, fundi makini hurudi pia kusoma hewa ukaa somo likiendelea, maana darasa tupu na darasa lenye watoto thelathini ni vyumba viwili tofauti.

Yote haya hufanyika kwa haraka ya kalenda. Shule hufungwa Juni na kufunguliwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na katika wiki hizo chache mabomba hutolewa, dari hubomolewa na kufungwa tena, umeme huongezwa. Fedha ziliwahi kupatikana: ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba shule zipatazo 36,000 zilihitaji kubadilisha au kutengeneza mifumo yake ya joto na hewa, na mwaka uliofuata bunge liliidhinisha karibu dola bilioni 122 kwa shule kwa mambo mbalimbali, uingizaji hewa ukiwemo. Fedha zilinunua mashine kwa urahisi. Muda wa kugawa hewa na kumfundisha mtunza jengo ulikuwa mgumu kupatikana, kwa sababu kazi hizo huja mwisho, wakati kila mtu anatazama saa.

Kwetu jambo hili linakuja kwa njia nyingine. Madarasa mengi ya pwani yalijengwa kwa matofali ya matundu na madirisha yanayotazamana, upepo upite juu ya vichwa vya watoto. Sasa shule na vyuo vinavyojiweza vinafunga viyoyozi vya ukutani, na kwanza vinaziba matundu hayo. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakileti hewa ya nje. Kinapoza ileile iliyomo. Watoto arobaini wakifungiwa humo saa nzima wanavuta pumzi za wenzao, baridi na nzito, na mwalimu anashangaa kwa nini wanapiga miayo. Mafundi wa majokofu na viyoyozi tunao, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, inawafundisha, na wengi wana mikono mizuri. Wanachokosa mara nyingi ni mteja anayeuliza hewa safi itaingia wapi.

Basi wewe uliye mjumbe wa bodi, mwalimu mkuu au mzazi kwenye kamati ya ujenzi, muulize fundi swali hilo kabla tofali la matundu halijazibwa. Na usitie saini malipo ya mwisho mpaka upewe karatasi yenye mstari kwa kila chumba: hewa iliyokusudiwa, hewa iliyopimwa, tarehe, na jina la aliyepima.